Sikio la Mkurugenzi

"Wananchi mliolelewa na wasiowazaa, kuanzia leo hamna sababu ya kulia! Serikali imeamua!"

Kipaza sauti cha Idara ya Kuunganisha Damu kilinguruma nje ya dirisha, na Mpimaji Mkuu Msaidizi akamwomba mwombaji atulie, kwa sababu tangazo lilikuwa limemshtua na utepe wa kupimia ukachomoka sikioni.

Mwombaji alikuwa mwanamke mshona magodoro. Pembeni yake aliketi mama yake, yule aliyemlea tangu akiwa mchanga.

"Baba, sikio unalipima au unaling'oa?" mama akauliza.

"Mama, hii ni sayansi."

"Sayansi ya kumvuta mtu sikio kama mtoro wa shule?"

Mpimaji hakukasirika. Wananchi huchelewa kuelewa. Idara haikutafuta ndugu kwa kuulizauliza; kuuliza huleta majibu, na majibu huleta malalamiko. Idara ilipima. Sikio, pua na kidevu cha kila mwombaji vililinganishwa na Uso Rejea, ambao ulikuwa uso wa Mkurugenzi mwenyewe, kwani alishatamka siku ya uzinduzi kwamba hana undugu na mtu yeyote anayeweza kupanga foleni. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya chai Mpimaji alimpima bosi wake ili vifaa vikae sawa. Mwombaji akionekana kutofautiana na bosi, aliambiwa ndugu zake hawajaonekana, akaenda zake. Idara haikuwa imekosea hata mara moja.

"Mama mzazi unamtakia nini?" Mpimaji akauliza. Swali hilo lilikuwa la lazima.

Mshonaji akafikiri. "Nimkute hai, basi. Nimwambie nilikula nikashiba, nikakua. Asije akafa anadhani nilipotea bure."

"Mimi ndiye niliyemsukuma aje," mama yake akadakia. "Watu husema kuzaa si kazi, kazi kulea. Waliosema hivyo hawakuzaa."

Mpimaji akapima pua. Akapima kidevu. Akalinganisha. Tofauti haikuwepo. Akafuta miwani akapima tena. Kwanza aliushuku utepe, kisha akamshuku mwanamke, na mwisho, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukurupuka, akaacha kushuku akagonga kengele iliyokuwa haijawahi kugongwa. Kwa mujibu wa kanuni, kengele ikilia undugu umethibitika.

Mkurugenzi akatoka ofisini kwake, biskuti mkononi. "Nani kagusa kengele?"

"Mheshimiwa, Idara imefaulu!" Sauti ya Mpimaji ilitetemeka kwa furaha ya kikazi. "Tumempata ndugu wa kwanza."

"Safi sana! Waite waandishi wa habari. Ni nani?"

"Ni wewe, mheshimiwa."

Biskuti ikasimama katikati ya safari.

"Napinga!"

"Pingamizi limepokelewa," Mpimaji akasema kwa upole, akagonga muhuri. "Kanuni yako inasema anayeruhusiwa kupinga ni ndugu wa damu peke yake, ili watu wa nje wasiingilie mambo ya familia."

"Basi sipingi!"

"Asiyepinga amekubali. Hiyo nayo uliitunga wewe."

"Upuuzi mtupu! Masikio yamejaa mitaani! Halafu mama yangu alikuwa bado mwanafunzi, na babu ndiye aliyempeleka yule mtoto kwenye kituo cha kulelea watoto, mama hata hakuulizwa..."

Chumbani hapakuwa na mtu aliyekuwa amemtaja babu.

Mshonaji akasimama, utepe ukamning'inia begani. "Yuko hai?"

Mkurugenzi akamtazama Mpimaji, kama mtu anayetafuta kifungu cha kujifichia. Mpimaji hakuwa nacho.

"Yuko," Mkurugenzi akasema. "Kila mwaka kuna siku hali chakula wala hasemi na mtu. Babu alituambia ni shinikizo la damu. Alipokuwa anakufa ndipo akaniambia ukweli. Nikaona nianzishe Idara. Nilidhani jambo likishaingia serikalini, halitafika nyumbani."

Mpimaji alikiri moyoni kwamba hesabu hiyo kwa kawaida hutoka sawa.

"Haya, mwanangu," mama mlezi akasema, "weka biskuti chini utupeleke."

"Mwanangu? Mimi ni Mkurugenzi!"

"Kaka wa mwanangu ni mwanangu. Na utaingiaje kwa mama yako kifua wazi? Funga vifungo."

Mkurugenzi akafunga vifungo. "Lakini siwezi kumpasulia tu habari kama hii. Lazima nijue nitamwambiaje."

"Jaribu hapa. Nifanye mimi ndiye yeye."

Wakamkalisha Mkurugenzi kwenye benchi la waombaji. Akakohoa. "Mama, Idara inapenda kukuarifu..."

"Anza upya."

"Mama, kufuatia tangazo la serikali..."

"Upya! Unaongea na mama yako au na mkutano?"

"Mama, rejea mazungumzo yetu ambayo hayajafanyika..."

Mshonaji alicheka huku anafuta machozi kwa ncha ya utepe wa serikali, na Mpimaji akajifanya hajaona. Mlinzi alipokuja jioni na funguo za kufungia ofisi, Mkurugenzi alikuwa amelowa jasho na bado hajalifikia neno dada. Wakakubaliana waendelee kesho asubuhi, kisha akiiva waondoke wote. Mpimaji, ambaye hakujua upendeleo, akamshauri Mkurugenzi adamke mapema, kwa sababu foleni ya waombaji huanza kabla ya jua.