Maneno Yanayong'aa, Mtamba Asiyeng'aa

Jumatatu, 2 Machi 1936
Rosebella nitamwoa mimi, si Khisa mpishi. Nimeapa! Shida ni mtamba wa kufungulia mahari. Wangu ni mbavu tupu, manyoya kama ufagio. Lakini mimi ni karani! Nimekwenda kwa Maalim Faraji, anayefundisha Kurani hapa mjini, nikamwuliza Waarabu wa kale walivisifuje vitu laini vya kung'aa. Lo! Neno la upanga uliosuguliwa, neno la jiwe linaloteleza, neno la vazi la vita. Nimeandika yote.

Jumatano, 4 Machi
Barua imekwenda kwa babake, Mzee Wepukhulu. Nimesema mtamba wangu ni amlas, ni saqil, ni barraq, tena dulamis. Nikaeleza: ni laini na anang'aa hata macho yanauma. Khisa, nasikia, ameandika tu kwamba wake ana mimba. Mshamba!

Ijumaa, 6 Machi
Balaa. Mzee amewasomea barua wazee wa kanisa. Wamependezwa mno. Kesho wanakuja kumwona huyo dulamis! Nimekimbia kwa Kipyego, anayenifugia kule Ainabkoi, nikamwomba aniazime mnyama mwingine. Amekataa. Eti ng'ombe si kofia. Nimenunua mikebe minne ya rangi ya viatu. Ya kahawia.

Jumamosi, 7 Machi
Alfajiri nimempiga brashi mpaka nikajiona ubavuni mwake. Wazee wamefika, wakaduwaa. Furaha gani! Nilikuwa nimesahau kwamba kwetu ng'ombe wa mahari hatazamwi tu. Anapapaswa, kuanzia nundu hadi mkia. Mzee akapapasa. Kisha, jua likiwa kali, akajifuta upara kwa mkono uleule. Kipyego peke yake ndiye aliyecheka. Mzee akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nadhani na yeye huwapaka binti zake rangi kabla ya kuwaonyesha watu. Rosebella ni wa Khisa. Nimelia nyuma ya zizi, nimemkumbatia mtamba. Shati limeharibika.

Jumapili, 8 Machi
Kanisani sikwenda. Maalim amekuja kunipa pole. Akasema Waarabu wana maneno tele pia ya mnyama aliyekonda, na kwamba ningeandika hayo pengine ningekuwa na mchumba hadi sasa. Mtu mzima anashauri ukweli katika mambo ya posa! Nimemshukuru kwa heshima. Alipotoka tu nimemwandikia babake msichana mwingine, Hellen, kule Plateau. Nimemwambia ninao ng'ombe watatu.