Mashine Isiyolia Juu ya Kimondo

Jumanne, 12 Aprili 1983. Mpemba.

Nimekasirika. Jirani yangu Amri, mwenye lori, amenicheka leo kisimani mbele za watu. Eti mashine yangu ya kunusa madini niifunge jembe kwa mbele, angalau ipalilie mahindi. Mashine niliyoitolea beberu mzima! Nilibadilishana na mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu wa Saza. Ililia siku mbili, ikanyamaza. Mwaka wa tatu huu. Mke wangu Tulinagwe anaianikia nepi.

Niitengeneze au niitupe? Asubuhi nilishaamua kuitupa. Mchana nikamsikia Amri, ng'ambo ya ua, akimwambia mkewe Pili kwamba amezivundika zote nyuma ya jiko, na asiguse hata moja mpaka zigeuke njano.

Amezivundika! Hicho Kiswahili chao cha Tanga. Kwetu Ileje neno hilo hatuna, lakini mtu mwenye akili anaelewa: amezificha. Tangu msako wa walanguzi uanze, nusu ya mali ya Tunduma iko chini ya ardhi. Na kitu gani cha njano kinafukiwa kama si dhahabu? Lori lake linakwenda Saza kila wiki. Mshenzi!

Naitengeneza.

Jumatano, 13 Aprili.

Mlowo, kwa fundi redio Ishaka. Usafiri ulikuwa mmoja tu, lori la Amri. Nimekaa juu ya magunia yake, nimekumbatia mashine ya kumuumbulia. Akaniuliza kwa upole kama miguu haijafa ganzi. Unafiki mtupu.

Ishaka akasema niipeleke kwenye Kimondo, niiweke juu yake. Isipolia pale, imekufa. Nikatembea na jua lote lile. Nikaiweka juu ya lile dude, chuma kitupu, tani kwa tani, kilichoanguka kutoka mbinguni. Kimya! Nikaipiga kofi. Kimya. Mzee mmoja mpita njia akaniuliza kama napima kiwanja.

Nikarudi kwa Ishaka na malengelenge. Akasema spika imeoza, na waya wa ndani umekatika. Nimletee vya redio yoyote.

Redio yoyote! Tunayo moja, na ni ya Tulinagwe, aliachiwa na marehemu baba yake. Anaifuta vumbi kabla hajamfuta mtoto makamasi.

Alhamisi, 14 Aprili.

Nimemwomba kwa adabu. Nimeanza na habari za maendeleo ya taifa, ndipo nikafika kwenye spika. Akajibu bila hata kuinua macho kutoka kwenye maharage. Siku nitakayoifungua redio ya baba yake, atamfunga mtoto mgongoni, arudi kwa mama yake Ileje, nami nitajua mwenyewe chumvi inakaa wapi.

Hasira zimenipanda mpaka nimeshindwa kula. Nimekula baadaye.

Ijumaa, 15 Aprili.

Amekwenda shambani. Nimeifungua.

Ganda nimelirudisha palepale, na kitambaa chake cha kufuma juu. Hatagundua. Amri tena ndiye aliyenipeleka Mlowo. Ishaka amefunga spika kwenye mpini kwa mpira wa baiskeli, na mashine inalia! Imelilia koleo, kufuli, jino la dhahabu la mteja. Nusura nilie mimi pia.

Nimepitia kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, ndugu Watson. Nimemwambia kesho aje na mgambo na mashahidi, nitamwonyesha mlanguzi.

Jumamosi, 16 Aprili.

Sijui nianzie wapi.

Walikuja watu kama arobaini. Nyuma ya jiko la Amri mashine ikakataa kulia. Nikasema imezidiwa na wingi wa mali, chimbeni. Wakachimba. Majani makavu, majivu, halafu ndizi. Mikungu mitatu, njano tupu! Pili akaniuliza, shemeji, kwani kwenu Ileje mgomba ukikatwa ndizi mnaziivishaje? Watu wakaangua kicheko. Amri akanimenyea moja.

Nikageuka kwa ghadhabu, nikaruka ua kurudi kwangu. Na hapo, nyuma ya jiko langu mwenyewe, mashine ikapiga yowe! Nikapiga yowe nami: Dhahabu! Nikaita wote. Nikamshika ndugu Watson mkono, nikamsogeza karibu kabisa, aone kwa macho yake.

Tulinagwe akatoka ndani mbio, mikono kichwani. Nikadhani ni furaha.

Wakachimba. Lilikuwa debe. Ndani ya debe, miche ishirini ya sabuni ya Zambia, aliyoificha kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, Ruti. Mjumbe nimemwita mwenyewe! Mgambo nimewaita mwenyewe!

Tulinagwe alikuwa anaitazama ile spika kwenye mpini. Aliitambua.

Jumatatu, 18 Aprili.

Sabuni imekwenda duka la kijiji, watu wamepanga foleni tangu alfajiri. Mimi nimepewa wiki mbili kwenye shamba la kijiji. Tulinagwe amekwenda na mtoto. Kabla ya kuondoka aliitwanga spika kwa mchi, kisha akaweka ganda la redio mezani, mahali pangu pa kulia.

Nyumba iko kimya, siipendi. Amri kaleta ndizi. Ni tamu, na hilo limenikera zaidi.

Jumatano, 20 Aprili.

Niitengeneze au niitupe? Nimewaza siku nzima nikipalilia.

Haki itendeke. Mashine haikukosea. Ndizi iliziacha, debe ililiona futi tatu chini. Mashine ya namna hiyo ikifika Saza itafanya nini! Inakosa spika tu.

Nimemwomba ndugu Watson ruhusa ya siku mbili nikamrudishe mke wangu. Akanisifu, akasema sasa nimekuwa mtu mzima. Kesho nakwenda Ileje. Nitapiga magoti, nitaomba radhi, nitalia ikibidi.

Mama mkwe ana redio kubwa, ya betri sita. Bisibisi nimeifunga ndani ya kitenge cha zawadi.