Picha ya Ukuta wa Mama Mkwe

Jumatano, 5 Juni
Lenzi imefika! Tundu lake linafunguka hadi moja nukta nne, na namba ikiwa ndogo ndipo tundu linakuwa kubwa. Mtaani hakuna mwenye lenzi ya namna hii, na nimehakikisha mtaa mzima unajua. Mama mkwe anataka picha mpya ya ukoo, itundikwe sebuleni kwake. Ile ya zamani ilipigwa kabla sijaoa. Miaka yote hii nakunywa chai chini ya picha nisiyomo! Inauma. Jumapili yatakwisha.

Alhamisi, 6 Juni
Mwanyumba, mume wa dada wa mke wangu, kaja kunipa somo ambalo hakuna aliyemwomba. Eti watu wakiwa safu tatu nibane tundu, niende namba nane, ndipo wa mbele na wa nyuma watoke safi wote. Eti likiwa wazi kabisa, safi anatoka mmoja, wengine ukungu. Nikamuuliza kama mtu hujenga jumba akalala stoo. Kaaga, kaenda zake. Nimemweza!

Jumapili, 9 Juni
Ukoo mzima uani, safu tatu. Mama mkwe mbele, kwenye kiti cha mto. Mwanyumba nyuma kabisa, kando ya tangi la maji. Mimi katikati, ndiyo. Nikalenga lenzi kwenye kiti changu kitupu ili nisikosee, nikaweka taima, nikakimbia, nikakaa. Tundu wazi lote. Kazi safi.

Jumatatu, 10 Juni
Nimetoka! Nyusi zangu unaweza kuzihesabu. Mama mkwe ni wingu lenye hereni. Kaiangalia weee, kisha kauliza kama wao wengine wameshakufa. Mke wangu kasema nirudie, tena nimsikilize shemeji yake. Nimejifungia chumbani.
Baadaye: nimeelewa. Kumbe kosa ni kufungua. Basi nitabana. Lakini si nane, nane ni ya mwanyumba. Ishirini na mbili!

Jumamosi, 15 Juni
Mvua. Tukahamia sebuleni, na sebule yenyewe giza. Mwanyumba kimbelembele akaonya kwamba tundu dogo hivyo hupitisha mwanga kiduchu, kamera itachukua sekunde mbili nzima, kwa hiyo asitikisike mtu. Nikawaamuru wote wakae kama ukuta. Taima, mbio, nikakaa. Kamera ikalia, sekunde mbili zikaanza. Nikageuka kidogo tu, kumkumbusha mwanyumba kuwa ishirini na mbili inaizidi nane.

Jumapili, 16 Juni
Imetundikwa. Mama mkwe safi, hereni safi. Mwanyumba safi hadi vifungo vya shati. Katikati kuna moshi umevaa suruali yangu. Nikaomba turudie. Mama mkwe kasema hii hii, haiguswi. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini.
Jirani kaingia, kauliza huo moshi ni nani. Nikajibu kifua mbele: ndiye mpiga picha! Wengine wote wamekaa tu, mimi peke yangu niko kazini. Wenye wivu na wafe nao.
Jumamosi ijayo harusi ya binamu wa mke wangu, ukumbini, taa hafifu, watu wanacheza. Nimeshawatoa maharusi wasiwasi: picha napiga mimi, kwa ishirini na mbili, na dansi nafungua mimi mwenyewe.