Miksa ya Chaneli Kumi na Sita

Mwaka 1996 Ambrosi aliteremka kwenye treni pale Mpanda akiwa na miwani ya jua, masanduku mawili, na dhamiri iliyopumzika vizuri. Kabla hajamaliza chai yake ya kwanza mtaani Majengo, alishapata habari aliyoitaka. Bwana Masele, mfugaji mwenye sebule kubwa, alikuwa anafungua studio nyumbani. Kwaya za Katumba zingerekodi kanda hapo, na salamu za mtaa mzima zingepigwa kwa spika iliyofungwa juu ya paa. Alikosa miksa tu, mashine ya kuchanganyia sauti, na aliitaka ya bei nafuu.

Ambrosi alimnunulia mtoa habari andazi. Wakubwa huita jambo hilo uwekezaji.

Umeme wa mji siku hizo ulikuja saa kumi na mbili jioni. Treni ya kurudi Tabora iliondoka saa nane mchana. Ilibidi Ambrosi auze, apate hela na awe kwenye behewa kabla taa ya kwanza haijawaka, la sivyo angepata kipigo cha kihistoria.

Saa nne masanduku yalifunguliwa sebuleni kwa Masele.

"Hii ndogo nakuonyesha tu, mzee," Ambrosi alisema. "Chaneli nne. Inafanya kazi, sikatai. Lakini ni ya mtu aliyeridhika na maisha."

"Nne? Kwaya ina watu thelathini!"

"Ndiyo maana nimekuja na hii."

Ya pili ilikuwa pana kama meza ya mwalimu mkuu. Chaneli kumi na sita! Vitufe visivyohesabika! Ambrosi aligusa kimoja, taa nyekundu na kijani zikawaka bila waya wowote. Zilikuwa zinakula betri za tochi. Sehemu iliyobaki ndani, kwa ajili ya uzito, ilijazwa mchanga.

Nyamizi, mke wa Masele, aliizunguka mara mbili. "Baba Suzana, kwani maikrofoni tunazo ngapi?"

"Mbili."

"Sasa matundu kumi na manne yaliyobaki ni ya kuku?"

"Mama, unaongea kama mtu ambaye hajafika Dar es Salaam," Ambrosi alisema kwa huruma.

"Na wewe unatoa jasho kama aliyefukuzwa huko."

Masele hakusikia. Macho yake yalikuwa kwenye taa. "Hela taslimu sina," alisema, "ila madume matatu ya ng'ombe yapo zizini. Na hiyo ndogo uniachie, iwe nyongeza."

Madume matatu! Ambrosi alijifanya kuumia, akafuta machozi ambayo hayakuwepo, akakubali. Dakika kumi baadaye alikuwa barabarani na kamba tatu mkononi, dume moja likimkanyaga kiatu cha ngozi.

Mnunuzi wa ng'ombe, Makoye, aliyatazama meno ya madume, akayapapasa mapaja, akaridhika. Kisha akanyoosha mkono.

"Barua?"

"Barua gani?"

"Ya mwenyekiti wa mtaa. Inayosema ng'ombe ni wako na umewapata wapi." Makoye alishusha sauti. "Kaka, sungusungu wa ulinzi wamekaa pale kwenye kivuli. Mtu mwenye ng'ombe bila barua huwa hawamuulizi mara mbili."

Ambrosi alirudi kwa Masele akikimbia, au tuseme akiburutwa, maana madume yaliijua njia.

"Mzee, umesahau barua!"

"Sijasahau," Masele alisema, akiwa kwenye kigoda chake. "Nilikuwa nangoja uiombe. Hata mtoto akinunua mbuzi huomba barua. Wewe ukachukua madume matatu ukaondoka mbio. Nikajiuliza, huyu anakimbilia nini? Au anakimbia nini?"

"Mzee wangu, tuandikiane tu."

"Mwenyekiti ndiye anaandika. Nimeshamwita. Anataka kutaja kwenye barua ulichonipa, kwa hiyo lazima aisikie kwanza miksa ikilia. Na umeme si unakuja jioni? Kaa. Nyamizi anapika ugali."

"Na maziwa ya mgando," Nyamizi aliongeza. "Kaa, mwanangu. Sungusungu nao watakuja. Wanapenda muziki."

Treni ilipiga honi stesheni. Ambrosi alizitazama kamba tatu, akamtazama Masele, akaitazama njia. Akakumbuka ghafla kwamba ana bibi mgonjwa Kigoma, akamkabidhi Nyamizi kamba zote, akatimua mbio kwa namna ambayo ingemletea kikombe kwenye michezo ya shule.

Jioni umeme ulipokuja, Masele alichomeka ile miksa ndogo. Maikrofoni mbili, redio kaseti moja, na tundu moja likabaki wazi. Sauti yake ikatoka juu ya paa ikimsalimia mkewe, aliyekuwa amekaa mbele yake.

Wakati huo Ambrosi alikuwa kwenye behewa la daraja la tatu, kiatu kimoja kimepasuka. Sista aliyekaa jirani, Emerensiana, alifunika pua kwa leso, akavumilia, kisha akauliza kwa upole:

"Kaka, wewe ni mfugaji?"

"Nilikuwa," alisema Ambrosi. "Kwa saa tatu."