Dawa Yangu Iko Sokoni

Jumatatu, tarehe 8 Julai

Nimepigwa na butwaa! Nimekwenda kituo cha afya na kichwa kinachogonga, nimerudi bila sindano. Bila hata kidonge! Daktari Gatesi, binti aliyeteremka kutoka Minembwe juzi juzi, alinipima tension, yaani presha ya damu: kumi na saba kwa kumi, imepanda mno. Nikakunja mkono wa shati nichomwe. Badala yake akaanza maswali. Ninakula nini asubuhi. Ninalala vipi. Nani amenikasirisha wiki hii (nikamtaja Placide wa kwaya yetu). Natia chumvi kiasi gani. Chumvi! Mimi nimekula chumvi nyingi kuliko yeye, ndiyo maana watu wananiita mzee.

Kisha akaitwa mbio kwa mama aliyekuwa anajifungua. Akachorachora karatasi, akanisukumia, akatoka.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu Georgette, nikitumaini huruma na supu ya kuku. Kosa kubwa. Georgette ndiye rais wa kwaya. Ametamka kwamba tension isiposhuka kufikia Jumamosi, sipandi boti ya kwenda kuimba Kazimia siku ya Jumapili, na kwaya itaongozwa na Placide badala yangu. Placide! Mtu anayepunga mikono kama anafukuza kuku kwenye mahindi. Mimi ndiye niliyewafundisha nyimbo zote!

Jumanne, tarehe 9

Nimesoma karatasi kwa utulivu. Kifaransa nakijua, nilikisoma hadi sekondari. "Peu de sel": chumvi kidogo. Sawa, lakini hilo sikumsomea Georgette. Halafu: "30 minutes de marché par jour." Mwandiko mbaya, hata kialama juu ya herufi ya mwisho hakukiweka, ila mimi nikakijazia. Nusu saa sokoni kila siku! Nimemkosea yule binti. Ni daktari wa kwanza anayejua kwamba mtu mzima anahitaji hewa, habari na watu wa kucheka nao.

Nikaenda moja kwa moja sokoni Baraka, kwa mama mzee Kanyange, anayekaanga ndagala wa chumvi, dagaa wa ziwa letu. Akanipa kigoda na sahani. Chumvi kidogo? Mimi sikuongeza hata punje. Ile iliyomo ni ya Kanyange.

Nikiwa nakula, Placide akapita barabarani kuelekea Lweba, kwa miguu, mbio mbio, jasho likimtiririka. Naye ana tension, na daktari ni huyo huyo, na karatasi ni ile ile. Maskini, Kifaransa kimempiga chenga. Au pikipiki yake imekufa.

Alhamisi, tarehe 11

Nimeongeza dozi. Asubuhi nzima sokoni. Kanyange sasa ananikaangia kabla sijafika. Moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Dawa inafanya kazi!

Lakini Placide amepita tena, na tumbo limepungua. Sikupenda. Nikabuni mpango. Nimenunua ndagala wenye chumvi kali, kifurushi kizima, nikampelekea kwake kama zawadi ya ndugu katika Kristo. Akile chote, tension impande yeye! Akanikumbatia mlangoni. Nusura nione haya.

Ijumaa, tarehe 12

Leo Georgette amepika vizuri ajabu. Ugali wa muhogo na ndagala. Nilikula mpaka nikalamba vidole, nikaomba tena. Nikiwa namalizia, nikamuuliza samaki wametoka wapi. Akasema ni Placide amewaleta. Daktari amemkataza chumvi, na aliona ni dhambi kutupa zawadi ya mtu.

Tonge likanikwama kooni. Georgette akanipiga mgongoni na kunipa maji.

Jumamosi, tarehe 13

Siku ya aibu. Tumepimwa wote wawili kituo cha afya, Georgette akishuhudia. Placide: kumi na tatu kwa nane. Mimi: kumi na tisa kwa kumi na moja! Daktari akajaribu mkono wa pili. Vilevile. Macho yakamtoka, na yangu pia. Akauliza kama nilifanya alichoandika. Nikajibu kwa fahari kwamba nilifanya kila siku, hata kupita kiasi. Akauliza nilifanyia wapi. Nikasema kwa Kanyange, kwenye kigoda.

Akaichukua karatasi, akaisoma. Kisha akaeleza polepole kwamba marché ni soko, lakini yeye aliandika marche, yaani kutembea kwa miguu. Kialama kimoja! Placide alicheka mpaka akashika ukuta. Georgette hakucheka. Daktari naye hakucheka. Alivuta kiti, akaketi karibu yangu.

"Kosa iko yangu, Papa Patrice," alisema. "Niliandika tu, sikukuuliza kama umesikia. Lakini na hii tension, mushipa ya kichwa inaweza kupasuka. Mi sitaki bakulete hapa umebebwa."

Baba yangu alibebwa hivyo hivyo, tonge likiwa bado mkononi. Niliogopa. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: niliogopa sana, na Georgette akanishika mkono mbele ya watu wote.

Sasa nimepewa vidonge (hatimaye!). Daktari akaandika upya, safari hii kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: CHUMVI KIDOGO. TEMBEA NUSU SAA KILA SIKU. Akataka niseme kwa mdomo wangu mwenyewe nitafanya nini. Nikasema nitatembea nusu saa kila siku. Akafurahi, akanipa mkono.

Jumapili, tarehe 14

Boti imeondoka. Placide alisimama mbele, akifukuza kuku wake. Waliimba wimbo wangu, na waliuimba vizuri, jambo lililoniuma zaidi. Georgette amekwenda nao. Nimebaki ufukweni na vidonge mfukoni.

Basi nikaisoma karatasi mpya. Hakuna Kifaransa, hakuna kialama, hakuna pa kukosea. Tembea. Na hapa kwetu kutembea ni nini? Kila mtoto anajua: ni kwenda kwa watu, kuwajulia hali. Daktari huyu ana akili kuliko nilivyodhani! Na nani aliwahi kwenda kutembea kwa mtu akaondoka bila kula? Hilo ni tusi.

Mama mzee Kanyange leo hauzi, yuko nyumbani. Nimempigia simu kwamba nakuja kutembea kwa amri ya daktari. Amesema nisikawie, mafuta yameshachemka.