Malalamiko Kuhusu Sifa Mlizoipa Bustani Ndogo

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima wa afya, wewe na wote walio ofisini mwako, isipokuwa yule mwandishi wako wa habari za matembezi, ambaye namtakia mafua mepesi.

Mimi ni kinyozi. Sina ugomvi na magazeti. Wateja wangu hulisoma lako wakisubiri zamu, na likishachakaa nalifutia vioo, kwa hiyo naweza kusema nimelitumia gazeti lako kikamilifu kuliko wasomaji wako wengi. Lakini ile makala yenu ya kulinganisha bustani mbili za michezo za mji wetu, ile tunayoiita Kubwa na ile tunayoiita Ndogo, imeniingilia ndani ya nyumba yangu, nami siwezi kunyamaza. Nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba ili mtu wa ofisi kama wewe asihangaike.

1. Mlisema kweli. Mwandishi wako aliandika kwamba Kubwa ina foleni za kuchosha, kwamba tikiti yake ni ghali na maji ya kunywa mle ndani yanakaribia kuifikia tikiti kwa bei, na kwamba mtu anasimama juani asubuhi nzima ili apinduliwe kwenye ile treni ya michezo kwa muda wa kupiga chafya mbili. Kisha akaandika kwamba Ndogo ni rahisi, ni tulivu, wahudumu wake wana adabu, na kwamba gurudumu lake, lile la kuzungusha watu hewani, unapanda saa yoyote unayotaka. Hakuna neno la uongo hapo, na ndilo kosa lenyewe. Miaka yote mmekuwa mkitudanganya kuhusu hali ya hewa. Mmeahidi jua, taulo zangu zikalowa kambani, wala sikuandika barua. Kwa nini siku hiyo mkaamua kuanza kusema kweli?

2. Watu wakawaamini. Jumapili iliyofuata nilikuta foleni imetoka langoni mwa Ndogo, imepita duka la viatu na kukunja kona. Mbele yangu alisimama bwana mmoja aliyekuwa akimweleza mkewe, kwa furaha kabisa, kwamba hapa ndipo mahali pasipo foleni. Mama wa tikiti, ambaye zamani alikuwa akituuliza hali za watoto mmoja mmoja, sasa anasema neno moja tu, nalo ni "sogea". Bei nayo inaonekana imesoma gazeti, maana imepanda.

3. Hapa nalazimika kukueleza mambo ya nyumbani, na naomba usiyapeleke mbali. Tuna vyumba viwili. Kimoja ni cha watoto. Kingine tunalala mimi na mke wangu upande wa dirishani, na nyuma ya pazia analala mama yangu mzazi. Mama ni mtu mwema sana. Ukimwita aje anywe dawa hasikii, lakini mke wangu akininong'oneza neno usiku, asubuhi mama ana maoni. Dukani nako hakufai, kwa sababu mteja aliyefungwa taulo shingoni hana kazi nyingine isipokuwa kusikiliza.

Kwa hiyo mimi na mke wangu tulikuwa na mahali pamoja tu pa kuongea hapa duniani, napo ni juu ya lile gurudumu la Ndogo. Kila Jumapili tuliwaacha watoto na bibi yao, tukapanda. Kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine, mzee anayeliendesha alitusimamisha kule juu kabisa, akaenda kunywa chai yake taratibu. Kule juu tumegombana vizuri na kupatana vizuri. Kule ndiko tulikokubaliana jina la kitinda mimba. Kuna siku hatukusema kitu, tukatazama mapaa ya watu na nguo zilizoanikwa, na hiyo nadhani ndiyo siku niliyofurahi kuliko zote tangu nioe. Mwandishi wako alipoandika "tulivu" hakujua anauza chumba cha watu.

4. Sasa nafika kwenye jeraha lenyewe. Dada yake mke wangu ana duka la vitambaa katika mji wa mbali, naye amemwomba mdogo wake aende akamsaidie, kwa kuanzia mwaka mmoja. Mke wangu ni fundi cherehani, na ni fundi hasa. Huku kwetu anashonea ukumbini, kila mpita njia anamsukuma kiwiko, ndiyo maana mishono ya nguo za majirani imepinda kidogo upande wa kulia. Kule angepewa chumba chake na meza ya kukatia. Mimi sikuwa nimemwambia nenda wala usiende. Nilikuwa nangoja aamue, huku roho iko juu juu.

Jumapili ile ya foleni tulipanda hatimaye. Tulipokaribia kileleni akanigeukia, akasema habari ya dada yake ameshaamua, lakini kuna jambo jingine lazima aniambie kwanza. Nikashika chuma kwa mikono miwili. Mzee wa gurudumu asingeweza kutusimamisha, umati ulikuwa unampigia makofi ya kumharakisha. Tukashuka, mlango ukafunguliwa, ikaingia familia nzima na kapu la chakula, nasi tukatolewa kama mizigo.

Tangu siku hiyo sijui uamuzi wala sijui hilo jambo jingine. Nilijaribu kumwuliza jikoni kwa ishara za macho. Kutoka nyuma ya pazia mama akauliza jambo gani hilo. Dukani nanyoa huku mawazo yangu yako kule juu ya gurudumu. Nimemtoa mteja mmoja ana ndevu za upande mmoja ndefu kuliko upande wa pili, na ubaya zaidi amependa, ameniletea rafiki zake wawili wanaotaka vilevile. Ndugu Mhariri, naogopa, sitaki kukuficha. Nimeishi na mwanamke huyu siku nyingi, na hajapata kusema kuna jambo jingine kwa ajili ya jambo dogo.

5. Katika makala hiyo mmemnukuu mgeni mmoja, "mama mwenye uso wa furaha", aliyesema kwamba kule Ndogo mtu unaweza kuongea ukamaliza. Nani alimuuliza? Ni mtu wa namna gani huyu, asiyeweza kukaa na raha yake kimya kimya kama watu waliolelewa? Kama ana mume, namwonea huruma mume huyo, na ningemshauri amfundishe mkewe faida za kufunga mdomo mbele ya waandishi. Nataka jina lake lichapishwe.

6. Kwa hayo yote naomba gazeti lako lifanye yafuatayo. Kwanza mwandike kwamba Ndogo ina nyuki. Halafu mwandike kwamba Kubwa ni raha tupu na kwamba kusimama juani kunang'arisha ngozi. Kuanzia hapo kila kitu kizuri mtakachokigundua katika mji huu mkitukane, hospitali yenye wauguzi wapole, hoteli yenye chai nzito, barabara isiyo na mashimo, ili kibaki salama mikononi mwa wanaokijua. Duka langu tu ndilo mlisifu, maana hilo naweza kuuvumilia umati wake.

Na mpaka watu watakapotawanyika, naomba utuazime ofisi yako siku za Jumapili. Nimeambiwa na mteja anayewaletea karatasi kwamba kiti chako kinazunguka, na kwamba ukivuta kishikio kinapanda juu. Mke wangu atakaa kwenye kiti, mimi nitasimama kando nikimzungusha taratibu, naye atamaliza anachotaka kusema. Tutakuja na mto wetu wa kukalia. Mama tutamwacha kwa katibu wako, ana maoni mengi kuhusu ukurasa wenu wa mapishi.

Nisalimie wachapaji wote, muuza magazeti wa kona ya benki, katibu wako ambaye namtanguliza shukrani, na familia yako kwa jumla. Yule mwandishi mwambie akitaka kunyolewa aende kwingine.

Ni mimi msomaji wako mwenye hasira na heshima,
Kinyozi

Tanbihi: Kabla sijaipeleka barua hii posta, Jumapili nyingine ilifika. Langoni mwa Ndogo hapakupitika, tukaenda Kubwa kwa kukata tamaa tu. Hakuna mtu. Wote wamehamia Ndogo. Gurudumu la Kubwa ni refu zaidi, na kijana wa pale alitusimamisha juu bila hata kuombwa, akaenda kuongea na simu. Mke wangu akamaliza. Jambo jingine lilikuwa hili: yule mama mwenye uso wa furaha ni yeye. Mwandishi wako alimkuta kando ya lango nikiwa nimekwenda kununua tikiti, akamwuliza kwa nini anatabasamu, naye akamweleza. Alikuwa anaogopa nitamkasirikia. Na kwa dada yake haendi. Kule angeshona vizuri, alisema, lakini jioni angeongea na nani. Nililia, Ndugu Mhariri, na sioni haya, kwani hapakuwa na wa kuniona. Basi lifute lote lile la tano, na hayo mengine uyachukulie kama maneno ya mtu mwenye homa. Tena nakusihi usiichapishe barua hii, hasa hapa nilipotaja kwamba Kubwa iko tupu Jumapili asubuhi. Mke wangu amesimama nyuma yangu anasoma, anasema niongeze kwamba na tikiti wameshusha bei.