Mjenzi wa Mawinguni Asiiguse Hati Yangu

Kibuyuni,
kwa hisani ya sanduku la posta la Bi. Rael.

Kwa Meneja,
Wingu la Hati,
Ghorofani, juu ya duka la magodoro,
Ukunda.

Mheshimiwa Bwana Elphas,

KUH: KUBADILISHWA KWA HATI YANGU NA MJENZI NISIYEMJUA

Assalamu alaykum. Nimeambiwa jina lako ni la watu wa bara, kwa hiyo kama salamu hiyo haikukufika, pokea na hii: hujambo, na wazazi wako hawajambo? Mimi na mume wangu Abdulkadir hatujambo isipokuwa usingizi, na usingizi huo umeharibiwa na ofisi yako.

Mimi ni Khamisa Tsofa, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake tunaolima mwani hapa Kibuyuni. Nakuandikia kwa adabu kwa sababu nimelelewa, lakini usije ukadanganyika na adabu. Nimekasirika sana.

Mambo yalianza na ankara. Mnunuzi wetu wa mwani alizikataa ankara zetu kwa kuwa Salwa, katibu wa kikundi, huziandika kwa mkono kisha akazipiga picha kwa simu, na katika kila picha kidole gumba chake huonekana vizuri kuliko bei. Mnunuzi akasema anataka PDF. Tukasikia kuna ofisi Ukunda inayoshughulika na mambo hayo, na wewe ukatuletea binti wa ofisini kwenu, Fridah, akaja ghalani kwetu na kompyuta na bango. Bango lilisema: TUNABADILISHA HATI ZAKO ZA BIASHARA KWA MJENZI, KWENYE WINGU, KABLA HUJAMALIZA CHAI.

Bwana Elphas, mimi nilikuwa na kikombe mkononi. Nilikiweka chini.

Huku kwetu pwani neno hati si la mchezo. Ankara ni ankara, risiti ni risiti, cheti ni cheti. Ukisema hati, mtu anakuuliza ya shamba gani. Na ukisema hati inabadilishwa, hakuulizi tena, anakwenda kumwita kaka yake. Kipande changu kina nyumba, minazi saba, chanja za kuanikia mwani na kaburi la mama yangu. Na kwa kuwa mwani nauanika hapo hapo na kuuuza hapo hapo, hati yangu ni ya biashara. Basi bango lilikuwa linanisema mimi. Hati hiyo ikibadilishwa tutakwenda kuishi wapi, na mama nitambeba nimpeleke wapi?

Kuuliza si ujinga, nikamwuliza Fridah. Majibu aliyonipa ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mjenzi hajajitambulisha. Fridah mwenyewe ni mtoto mzuri, alimwamkia shikamoo kila mtu, mpaka Salwa ambaye ni mdogo wake. Lakini Mjenzi hakuja. Nilipouliza jina lake nikaambiwa hana, ni mtindo tu, mtindo wa kuandika programu. "Mama, relax, Mjenzi si mtu, na hii ni document tu, si shamba," akasema Fridah. Maneno hayo ya kutulizwa tumeyasikia zamani. Hapa pwani mjenzi huja kwanza na futi kamba, anatabasamu. Kisha huja na ukuta, kisha na askari wa kuulinda ukuta, na mwisho wake wewe mwenyeji unaomba ruhusa kwenda kuchovya miguu baharini. Hao tuliwaona kwa macho na bado walitushinda. Huyu asiyeonekana tutamshika wapi?

2. Hilo wingu. Dalili ya mvua ni mawingu, na hakuna mwanamke wa mwani anayelipenda wingu. Likijitokeza tunaacha sufuria motoni tunakimbilia chanja. Leo mnataka hati zetu zipandishwe huko huko! Nilimwuliza Fridah mvua ikinyesha zitaangukia wapi, maana upepo ukivuma kutoka huku zitatua Wasini, na watu wa Wasini nawajua, nina ndugu kule. Watasema ni riziki. Akanituliza kwamba wingu lenyewe haliko huku, liko Ulaya, kwenye majumba yaliyojaa mashine na baridi. Kwa hiyo hati yangu imekwishapata viza. Mimi mwenyewe pasipoti sina.

3. Namna Mjenzi anavyofanya kazi inatisha. Fridah alieleza vizuri na nilimsikiliza mpaka mwisho. Zamani, alisema, programu ya kubadilisha hati ilitaka uiambie mambo yote kwa mkupuo mmoja, ukubwa wa karatasi, jina, namba za kurasa, neno la siri, na ukikosea mpangilio basi jina linakaa mahali pa neno la siri. Siku hizi unamwambia Mjenzi jambo moja moja. Weka hiki, weka kile, ondoa kile. Yeye anapokea tu, hagusi kitu, hata ukichelewa, mpaka mtu aseme neno moja: jenga. Hapo ndipo hati inatoka nzima nzima.

Wenzangu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Mtu anayekusikiliza bila kujibu, anakusanya, anakusanya, halafu siku moja anajenga! Kimya kingi kina mshindo mkuu. Huku kwetu mtu wa tabia hiyo akija kuposa tunamwambia msichana yuko masomoni. Tangu siku ile neno lenyewe nimelipiga marufuku nyumbani. Juzi Abdulkadir alitaka kusema tujenge banda la kuku, nikamziba mdomo kwa mkono wenye unga.

4. Mipaka. Fridah alitazama ankara yetu kwenye kioo akasema maneno hayaenei ukurasani, tupunguze mipaka. Alisema hivi mbele ya kadamnasi, na akaipunguza, pande zote nne, kwa kidole! Huku watu wamepelekana mahakamani, wamenyimana mazishi, kwa sababu ya mnazi mmoja uliolala upande wa pili.

5. Hati zote zinatoka kwa kipimo kimoja kiitwacho A4. Nikaomba nionyeshwe A4. Nikaonyeshwa. Bwana Elphas, hapo hata chanja moja haienei.

6. Nimeambiwa pia hati ikiwa kubwa Mjenzi huibana ili iwe nyepesi kubebwa, na zikiwa mbili anaweza kuziunganisha zikawa moja. Sasa mimi jirani yangu ni huyu Rael, alikuja kutoka bara kupika katika hoteli za Diani, akastaafu, akatuzoea nasi tukamzoea. Nampenda. Barua hii inapitia sanduku lake. Lakini bata wake siwataki. Kuna ua wa makuti baina yetu na ua huo ndio unaoulinda ujirani wetu. Mkituunganisha, bata wale watalala juu ya mwani wangu kwa haki na sheria.

7. Alama ya maji. Hili nusura linitoe roho. Fridah alisema kwamba kwa kuwa sisi bado tunajaribu bure, kila hati yetu itatoka na alama ya maji, watermark, nayo itapita katikati. Kwa mtu wa bara labda alama ya maji ni urembo. Sisi tunajua alama ya maji ni pale maji makuu ya bamvua yanapofika, na kutoka hapo kushuka chini si kwako tena, ni kwa bahari na Serikali. Yangu iko kule chini kwenye mawe, na iko hapo tangu mama yangu akiwa mwari. Ikipandishwa ikapita katikati, jiko langu litakuwa la samaki na chumba changu cha kulala kitakuwa cha Serikali. Salwa, ambaye amesoma, alininong'oneza nisiwe na wasiwasi, mtu akilipia alama ya maji inaondolewa. Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipewa fimbo. Nyinyi mnairudisha bahari nyuma kwa malipo ya kila mwezi?

8. Nilidhani nimeyasikia yote, kumbe bado. Ukurasa mmoja ulikuwa umelala upande, Fridah akasema hakuna shida, Mjenzi ataizungusha hati. Akabonyeza, hati ikageuka. Abdulkadir na fundi wake walihangaika asubuhi nzima wakitafuta namna choo chetu kisielekee kibla. Fundi alikuwa Mkristo na hata yeye alielewa. Leo choo kitageuzwa kwa kubonyeza! Lakini choo si kitu, choo hubomolewa. Mama yangu amelazwa kwa ubavu wa kuume ameelekea kibla kama inavyotakiwa, na nilikuwepo. Mkiizungusha hati ataelekea wapi? Niliondoka ghalani bila kuaga, jambo ambalo si kawaida yangu.

9. Hili si lalamiko, ni taarifa. Tulikuwa tumekusudia kumsomea Mjenzi halbadiri, ile dua ya kumlaani mbaya wako, tuone hilo wingu litamficha vipi. Msomaji akataka jina lake na jina la mama yake. Jina hana. Kuhusu mama, nilimtuma Salwa ampigie simu Fridah, na Fridah akajibu kwamba Mjenzi hakuzaliwa, ametokana na darasa, class kwa lugha ya programu. Msomaji akauliza darasa la sheikh gani. Salwa hakujua, na shughuli ikaahirishwa, lakini mchele tumeshanunua.

Kwa hayo yote naomba, kwa heshima, bango literemshwe. Naomba pia Mjenzi ashuke aje kwa miguu yake, apite kwa wazee kwanza, kisha aje kwangu. Atakula, maana mgeni ni mgeni, halafu atanieleza. Na katika ofisi yako asitokee mtu wa kumwambia neno lile mpaka mimi niwe nimekaa hapo kwenye kiti namtazama. Ukikataa, nakala ya barua hii itafika kwa chifu, na mimi nitafika Ukunda na kikundi kizima. Tuko wengi, na tukitoka baharini tunanuka mwani, na duka la magodoro liko chini yako. Wateja watakimbia.

Nimeambatisha nakala ya hati yangu ili uione mipaka ilivyo, usije ukasema hukuijua.

Nisalimie wote hapo ofisini, mwenye magodoro pia, ambaye hana kosa. Fridah msalimie sana, na mwambie sabuni ya mwani aliyoipenda nimemwekea vipande viwili. Abdulkadir anakusalimu, Salwa anakusalimu, Rael anasema kama una mtu wa kununua mayai ya bata umjulishe. Hata Mjenzi msalimie, kama salamu humfika.

Ni mimi, mwenye hati yake,

Khamisa Tsofa

Tanbihi: Nakala ya hati usiitafute, haimo. Nilimwomba Abdulkadir anitolee hati sandukuni nikaitoe nakala, akaniuliza hati gani. Nikamwambia hati yetu. Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Akasema, "Khamisa mke wangu, sisi hati hatuna. Sisi tuna kukaa tu." Anasema mwenye shamba wa zamani alimwambia baba mkwe wangu kwa mdomo, kaeni, nao wakakaa, na yule mzee akafa, na wanawe hakuna aliyewahi kuwaona. Siku zote nilipokuwa nikisema hati yetu, yeye alikuwa akinyamaza. Nimelia, Bwana Elphas, na sijui nikufiche nini. Kisha nikafuta uso nikaenda kwa Rael. Rael naye ana risiti ya mabati tu. Nikaenda kwa kina Salwa. Wao wana picha ya babu yao amesimama mlangoni.

Basi hayo ya juu yote yaache, na bango liache palepale lilipo. Nimekumbuka Fridah alisema Mjenzi haogopi ukurasa mtupu, unamtajia tu. Wangu ni mtupu. Mwambie aweke nyumba. Aweke minazi yote na chanja zote. Aweke bahari upande wa chini, njia upande wa juu, mkwaju upande mmoja, na upande wa pili ua wa makuti wa Rael, na kama hapana budi bata nao waingie. Aweke kaburi la mama. A4 inatosha. Akimaliza, mtu aseme neno lile upesi, kabla hajatokea mwingine na futi kamba.

Na jina. Fridah alitueleza kwamba mahali usipotaja kitu, Mjenzi hujaza mwenyewe kilicho cha kawaida, na kawaida ya huku kwetu tunaijua, hujazwa mwanamume. Andikeni Khamisa. Abdulkadir ataendelea kukaa tu, kama alivyozoea.